Mwanasaikolojia wa Shule: Kazi Yake, Mafunzo Yake na Leseni Yake

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Muhula huu sisi wa Kidato cha Nne tumepewa fomu za kuchagua tahasusi za Kidato cha Tano, na kila mmoja ameulizwa swali lile lile: "Wewe wataka kuwa nani?" Wengi walijibu upesi: daktari, mwanasheria, mhandisi, askari. Mimi niliposema kwamba nataka kuwa mwanasaikolojia wa shule, darasa zima lilicheka, na rafiki yangu mmoja akauliza kama hiyo ndiyo kazi ya kusoma mawazo ya watu. Nyumbani Engaresero mama naye aliniuliza, "Hiyo ni kazi ya kufanya nini, mwanangu?" Sikuweza kumjibu vizuri. Kwa hiyo nilitumia siku za likizo na saa za maktaba kulitafuta jibu, na leo naliweka mbele yenu, wanafunzi wenzangu, walimu wetu na wazazi wetu. Nitaeleza kwanza kwa nini niliuliza, kisha kazi yenyewe, kisha mafunzo na leseni zinazotakiwa katika nchi mbalimbali na hapa kwetu.

KISA KILICHONIFANYA NIULIZE

Kijiji chetu cha Engaresero kimo katika wilaya ya Ngorongoro, karibu na mlima Ol Doinyo Lengai na Ziwa Natron. Watoto wengi wa huko huanza darasa la kwanza wakijua Kimaasai tu. Kiswahili hukutana nacho shuleni. Nilipokuwa shule ya msingi nilikaa dawati moja na mtoto wa jirani yetu. Nyumbani alikuwa hodari kuliko mimi. Alifinyanga ng'ombe wa udongo, na ukimtazama ng'ombe yule ulitambua ni yupi katika zizi la baba yake, kwa nundu na kwa mkunjo wa pembe. Mbuzi akipotea, yeye ndiye aliyetumwa kufuata nyayo.

Lakini darasani alikuwa kama mtu mwingine. Aliulizwa swali, akanyamaza. Aliitwa, hakugeuka. Kwanza aliitwa mkaidi, halafu akaitwa mzito, halafu akahamishiwa dawati la nyuma, wanakokaa wale ambao hawaulizwi tena. Kabla ya kumaliza darasa la tano alikuwa ameacha shule.

Baada ya mwaka mmoja kliniki ya kutembea ilikuja kijijini, na muuguzi akamtazama masikio. Usaha wa siku nyingi ulikuwa umemharibu. Sikio moja halikusikia kitu, na la pili lilisikia kidogo. Malishoni alitumia macho, na macho yake ni mazuri sana. Darasani kila jambo lilikuja kwa njia ya sikio, tena kwa lugha ngeni, naye amewekwa nyuma kabisa.

Likizo iliyopita nilimkuta akichunga mbuzi upande wa ziwani. Nilimwomba ruhusa nimwandike katika gazeti letu. Alinitazama midomo mpaka nikamaliza kusema, akajibu, "Andika, lakini jina langu usilitaje. Waambie sikuwa mjinga. Nilikuwa sisikii."

Simlaumu mwalimu wetu wa wakati ule. Alikuwa na watoto wengi katika chumba kimoja, na hakuna aliyekuwa amemfundisha kutafuta sababu ya ukimya wa mtoto. Ila nilijiuliza: ni nani basi ambaye kazi yake ni kuitafuta? Jibu nililolipata ni jina lile lile lililowachekesha wenzangu.

KAZI YENYEWE NI IPI?

Saikolojia ni elimu ya akili na mwenendo wa mtu: jinsi anavyojifunza, anavyokumbuka, anavyoogopa, anavyopenda na anavyokasirika. Mwanasaikolojia wa shule ni mtu aliyeisomea elimu hiyo pamoja na elimu ya ufundishaji, akawekwa katikati ya mtoto, mwalimu na mzazi. Kazi zake kubwa ni nne.

Ya kwanza ni kuchunguza. Mtoto asipojifunza, yeye hutafuta sababu. Humwangalia darasani na uwanjani, huzungumza na mwalimu na wazazi, hutazama madaftari yake, na humpa vipimo maalumu. Kabla ya yote huuliza habari za macho na masikio.

Ya pili ni kumsaidia mtoto mwenye mzigo moyoni. Huyu amefiwa, huyu anaogopa kurudi nyumbani, huyu halali usiku bwenini. Mtaalamu humsikiliza kwa utaratibu na kumsaidia kutafuta njia.

Ya tatu ni kuwashauri walimu na wazazi. Mara nyingi dawa haimo kwa mtoto peke yake. Huenda ikawa ni kumhamishia dawati la mbele, au kubadili namna ya kumwuliza maswali.

Ya nne ni kuitumikia shule nzima wakati wa msiba au hatari, kama vile ajali, moto au kifo cha mwanafunzi.

Yafaa pia tujue asivyo. Yeye si mwalimu wa nidhamu, wala hachapi mtu. Si daktari wa magonjwa ya akili. Daktari huyo amesomea udaktari na aweza kutoa dawa, lakini mwanasaikolojia wa shule hatoi dawa. Wala hasomi mawazo ya mtu, kama alivyodhani rafiki yangu. Yeye huuliza, husikiliza, hupima na kuandika.

KAZI HII ILIANZAJE?

Mwaka 1896, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania huko Marekani, mwalimu mmoja wa kike alimpeleka mwanafunzi wake wa miaka 14 kwa mtaalamu wa saikolojia aitwaye Lightner Witmer. Mvulana yule hakuwa mjinga, lakini hakuweza kuandika maneno kwa tahajia iliyo sawa. Witmer alimchunguza, akagundua kwamba macho yake yalikuwa na kasoro. Akapewa miwani, akafundishwa kwa namna ya peke yake, akaendelea vizuri zaidi. Mwaka huo Witmer alifungua kliniki yake ya saikolojia, na wengi huhesabu kwamba hapo ndipo mwanzo wa kazi hii. Niliposoma habari hiyo niliweka kitabu chini kwa muda, maana niliona kwamba dawati la nyuma liko kila nchi, na kwamba zaidi ya miaka mia iliyopita mtu mmoja aliinuka kwenda kumtazama aliyekaa hapo.

Mwaka 1905 Wafaransa wawili, Alfred Binet na Théodore Simon, walitoa kipimo cha kutambua watoto wanaohitaji msaada zaidi katika shule za Paris. Binet alionya kwamba alama ya kipimo hicho isichukuliwe kuwa kiasi cha akili ambacho mtoto hataweza kukipita kamwe. Wengi waliomfuata hawakulisikia onyo lake, na watoto wengi wakapewa jina baya kwa ajili ya karatasi moja ya mtihani. Mwaka 1913 baraza la jiji la London lilimwajiri Cyril Burt kuwa mwanasaikolojia wa shule zake. Mwaka 1915 jimbo la Connecticut huko Marekani lilimpa Arnold Gesell cheo cha mwanasaikolojia wa shule, naye hutajwa kuwa mtu wa kwanza kukishika cheo hicho kwa jina hilo.

KWA NINI MAFUNZO YAWE MAREFU?

Mtu aweza kusema, "Kumsikiliza mtoto ni jambo la huruma tu. Bibi yangu hakusoma, lakini husikiliza vizuri." Ni kweli, na huruma ndiyo msingi. Lakini nimeona mambo mawili ambayo huruma peke yake haitoshi.

La kwanza ni kupima. Mtaalamu Robert Serpell, aliyefanya kazi miaka mingi nchini Zambia, alitoa mwaka 1979 habari za uchunguzi mmoja mzuri sana. Watoto wa Zambia na watoto wa Uingereza walipewa kazi ya kuiga maumbo. Walipotumia kalamu na karatasi, watoto wa Uingereza walishinda. Walipotumia waya, watoto wa Zambia walishinda, maana walizoea kutengeneza magari ya waya. Walipotumia udongo, walikuwa sawasawa. Basi, kama mpimaji angekuja na kalamu na karatasi tu, angeondoka akisema kwamba watoto wa Zambia hawajui maumbo. Mimi niliwakumbuka ng'ombe wa udongo wa rafiki yangu. Mpimaji hana budi kujua kipimo chake kilitengenezwa kwa ajili ya nani, kwa lugha gani, na kwa vitu gani ambavyo mtoto amevizoea. Jambo hilo halijulikani kwa huruma, hufundishwa.

La pili ni siri. Mwanafunzi akimweleza mkubwa jambo zito, kisha akalisikia likisemwa na wengine, hatasema tena kwa mtu yeyote. Lakini ziko siri ambazo zikifichwa mtoto ataumia, kama vile kupigwa vibaya au kutaka kujidhuru. Mtaalamu aliyefundishwa humwambia mtoto tangu mwanzo, "Utakayonieleza yatabaki hapa, isipokuwa maisha yako au ya mwingine yakiwa hatarini." Hapo hajui kutunza tu, ajua pia apeleke wapi: kwa Afisa Ustawi wa Jamii, au kwa Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yampa kila mwanajamii wajibu wa kuiarifu mamlaka ya serikali za mitaa aonapo haki ya mtoto inavunjwa. Kujua mpaka huo ulipo, na kuusimamia bila kumwaibisha mtoto, kwahitaji mazoezi chini ya macho ya mtu aliyetangulia.

MASHARTI YA NCHI NYINGINE

Sasa tutazame nchi nne, ili tuone kila moja inamtaka mtu huyu awe amefanya nini kabla ya kukabidhiwa mtoto.

Marekani. Mtu humaliza kwanza shahada yake ya kwanza, kisha husoma tena masomo ya juu, ambayo kwa kawaida huchukua miaka mitatu. Chama cha taifa cha wanasaikolojia wa shule, kilichoanzishwa mwaka 1969, chataka mafunzo kwa vitendo ya saa 1,200, na katika hizo saa 600 angalau ziwe shuleni. Mwanafunzi hufanya kazi hiyo akisimamiwa na mtaalamu mwenye leseni. Kisha uko mtihani wa mwisho. Leseni yenyewe hutolewa na kila jimbo kwa sheria zake. Kipo pia cheti cha taifa cha chama hicho, ambacho huhuishwa kila baada ya miaka mitatu, na mwenye nacho lazima aonyeshe kwamba katika miaka hiyo ameendelea kujifunza kwa saa 75. Chama hicho kinashauri kwamba mtaalamu mmoja asiwe na wanafunzi zaidi ya 500.

Uingereza. Huko England mwanasaikolojia wa elimu husoma shahada ya uzamivu ya miaka mitatu, ambayo ndani yake mna kazi nyingi za shuleni. Tangu mwaka 2009 yapo mamlaka ya taifa yanayowaandikisha. Jina lenyewe linalindwa na sheria: mtu asiyeandikishwa akijiita hivyo ili kuwadanganya watu, amefanya kosa.

Afrika Kusini. Mwanasaikolojia wa elimu lazima awe na shahada ya uzamili, afanye mafunzo kwa vitendo ya miezi 12, afaulu mtihani wa bodi, na kuandikishwa katika baraza la wataalamu wa afya la nchi hiyo.

Kenya. Jirani zetu walitunga mwaka 2014 Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia. Sheria hiyo iliunda bodi ya kuwaandikisha na kuwapa leseni wanaofanya kazi hizo, na ya kusikiliza malalamiko juu yao.

Tukizilinganisha nchi hizi twaona kwamba miaka yatofautiana, lakini vitu vinne ni vile vile kila mahali: masomo ya juu, mazoezi chini ya msimamizi, kuandikishwa mahali ambapo kila mtu aweza kuuliza, na bodi inayoweza kumwondoa mtu katika orodha.

HAPA KWETU TANZANIA

Katika shule zetu za serikali kazi hii imewekwa mikononi mwa mwalimu, naye huitwa mwalimu wa ushauri na unasihi. Mnamo Desemba 1984 ulifanyika mkutano wa taifa mjini Arusha, ambapo huduma ya ushauri na unasihi ilikubaliwa kuwa sehemu ya elimu yetu. Baadaye Waraka wa Elimu Na. 11 wa mwaka 2002 ulielekeza huduma hiyo ianzishwe. Mwaka 2020 uliidhinishwa mradi mkubwa wa kuboresha elimu ya sekondari, uitwao SEQUIP, na ndani yake umo mpango wa shule salama, ambao sehemu yake ni kuwaandaa walimu wa unasihi.

Mwalimu huyu mara nyingi ni mwalimu wa somo kama wengine. Ana vipindi vyake, ana madaftari ya kusahihisha, ana zamu ya wiki. Tena huenda ndiye aliyekuadhibu asubuhi, na jioni unatakiwa umfungulie moyo. Nasema hivi kwa heshima kabisa, maana walimu wetu wenyewe hulisema. Sheria inayomhusu ni ile ya ualimu. Sheria ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu ya mwaka 2018 yataka mwalimu asajiliwe na awe na leseni ya kufundisha. Hiyo ni hatua njema. Lakini leseni ya kufundisha Hisabati haielezi kama mtu huyo aweza kutambua kwa nini mtoto amenyamaza.

Je, mwanafunzi wa hapa anayetaka kazi hii apite njia ipi? Nimeipanga hivi.

Kwanza, afaulu Kidato cha Nne na kuendelea Kidato cha Tano na cha Sita. Ili kuingia chuo kikuu, kiwango cha chini cha jumla ni kufaulu masomo mawili makuu yenye jumla ya pointi 4.0, na kila programu huongeza masharti yake. Basi atazame masharti ya programu kabla ya kujaza fomu, asije akajuta.

Pili, asome shahada ya kwanza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma vimekuwa na shahada ya elimu katika saikolojia. Humo mtu husoma makuzi ya mtoto, upimaji, na ushauri na unasihi, tena huenda shuleni kwa mazoezi ya kufundisha. Anayevutwa zaidi na watoto wenye ulemavu aweza kuitazama njia ya elimu maalumu. Chuo cha Ualimu Patandi, kilicho hapa hapa mkoani Arusha, kinafahamika sana kwa kazi hiyo.

Tatu, aendelee na shahada ya uzamili. Nchi zote nne nilizozitaja hapo juu zamtaka mtaalamu kamili apite shahada ya kwanza, au zaweka sheria ya kumwandikisha, au yote mawili. Anayetaka kuaminiwa na watoto wa watu yafaa ajipimie kwa kipimo hicho, hata kama hakuna anayemlazimisha.

Nne, na hili ni la maisha yote, asiache kujifunza, na awe na mkubwa wake katika kazi ambaye humpelekea mambo mazito.

LENI YA KARATASI NA RUNGU LA MZEE

Nilipokwisha kuyakusanya haya niliyapeleka kwa babu yangu nyumbani. Niliinamisha kichwa, naye akakigusa, kama ilivyo desturi yetu. Nilimweleza habari za leseni. Alisikiliza sana, kisha akaniuliza, "Wajua laigwanani hupewa rungu jeusi?"

Nikasema, "Najua, babu." Laigwanani ni kiongozi wa rika, na rungu hilo ni alama ya kazi yake.

Akasema, "Rungu halimfanyi mtu kuwa laigwanani. Wazee humtazama tangu akiwa kijana mdogo. Ana hasira? Anasema uongo? Akigawa kitu, anajianza mwenyewe? Anajua kunyamaza? Wakisha kumwona ndipo humpa rungu, tena mbele ya watu wote, ili kila mtu ajue amepewa nani. Sasa huyo mtu wako wa karatasi, ni nani aliyemtazama kabla ya kumpa?"

Nilimjibu kwamba ndiyo maana ya zile saa 1,200, na ile miezi 12, na yule msimamizi. Yeye ndiye anayemtazama.

Akafikiri, akauliza tena, "Na akimharibu mtoto, nani atamnyang'anya rungu?"

Nikajibu, "Bodi, babu."

Akasema, "Basi hiyo bodi ndiyo kitu. Karatasi ni karatasi."

Nami nimeona kwamba babu, ambaye hakusoma hata siku moja, alilielewa somo langu upesi kuliko nilivyolielewa mimi. Nilidhani leseni ni heshima ya mwenye nayo, kama cheti cha kutundika ukutani. Kumbe ni ulinzi wa mtoto. Yaeleza kwamba mtu huyu ametazamwa, kwamba jina lake liko mahali linapoweza kuulizwa, na kwamba akikosa yuko wa kumwuliza. Mzazi wa Engaresero hawezi kusafiri kwenda chuo kikuu kumpima mtaalamu. Lazima awepo mtu wa kumpimia, naye aamini.

MAMBO YA KUFANYA SASA

Wataalamu ni wachache, na njia ya kumpata mmoja kwa kila shule ni ndefu. Lakini yako mambo ambayo shule yoyote yaweza kuyaanza muhula huu bila kungoja, na wala hayataki leseni.

1. Mtoto anapoanza shule, au anaposhuka ghafla katika masomo, aulizwe habari za macho na masikio kabla ya kupewa jina lolote. Akionekana ana shaka, apelekwe kituo cha afya.

2. Mtoto anayeshindwa kujibu kwa Kiswahili aulizwe jambo lile lile kwa lugha ya kwao, kama yupo wa kuuliza. Huenda anajua jambo, ila hajui neno.

3. Mwalimu wa unasihi apewe mahali pa faragha, hata kama ni chumba kidogo, na vipindi vyake vya kufundisha vipunguzwe kidogo ikiwezekana.

4. Wanafunzi waambiwe wazi ni nani wa kumwendea na siri yao italindwaje. Pia waambiwe kwamba namba 116 ni simu ya huduma kwa mtoto.

5. Sisi wanafunzi tuache kumwita mwenzetu mjinga au mzito. Neno hilo lilianza katika vinywa vyetu kabla ya kufika kwa mwalimu. Hata mimi nililisema, nami nilikuwa nakaa naye dawati moja.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja kazi nne za mwanasaikolojia wa shule.
2. Mwanasaikolojia wa shule na daktari wa magonjwa ya akili watofautianaje?
3. Katika uchunguzi wa Serpell, watoto wa Zambia walishinda kwa kitu gani, na hilo latufundisha nini juu ya mitihani?
4. Ni wakati gani siri ya mtoto haiwezi kubaki siri? Ipelekwe kwa nani?
5. Eleza kwa maneno yako mwenyewe kwa nini leseni inayoweza kunyang'anywa ina thamani kuliko ile isiyoweza.

MWISHO

Fomu yangu nimekwisha kuijaza. Walimu wamenionya kwamba njia hii ni ndefu, nami nimehesabu: miaka miwili ya Kidato cha Tano na cha Sita, miaka mitatu ya shahada ya kwanza, kisha uzamili na mazoezi. Nikifaulu kila hatua nitakuwa mtu mzima kabla sijakaa na mtoto mmoja na kumwuliza kwa nini amenyamaza. Rafiki yangu wa mbuzi hatarudi darasa la tano. Lakini mwaka huu ndugu yake mdogo ameanza darasa la kwanza, na mama yao alimpeleka kwanza kutazamwa masikio. Alimwambia mwalimu pia amkalishe mbele.

Mama yangu sasa akiulizwa mwanawe anataka kazi gani, hujibu, "Kazi ya kuuliza kabla ya kumwita mtoto mjinga." Sijapata jibu zuri kuliko hilo katika vitabu vyote nilivyosoma.